Nguzo Kumi, Mita Tisa

Katika mambo ya mafuta ya gari hakuna kitu kinachoweza kunishangaza. Nayasema haya nikiwa barazani kwangu hapa Tanga, kwenye nyumba ya vyumba vitano niliyoijenga mwenyewe, mimi mtoto wa mkata mkonge niliyeishia darasa la nne. Nimeshika usukani miaka thelathini na moja. Niwekeeni gari lolote, nilisikilize kutoka hapa mpaka Kigombe, nitawaambia limekula lita ngapi, na nikikosea nitakosea kwa kikombe. Wamewahi kubishana nami wahandisi wawili, watu na vyeti vyao. Wote wawili walininunulia soda.

Nawaandikia nyinyi vijana mnaotafuta leseni, na nyinyi mlionunua gari kwa mkopo halafu mnaingia sheli na kusema "weka ya elfu kumi" huku mmegeuza uso pembeni. Siwacheki. Siku hizi elfu kumi haifikishi lita tatu, na bei mpya ikitangazwa kila mwezi mtu mzima anaisikiliza kama anasomewa hukumu. Ndiyo maana nataka mjue mnachokinunua kinakwenda wapi.

Upepo wa matairi mnaudharau. Gari lenye tairi legevu ni kama mtu anayekimbia mchangani. Linakunywa, na nyinyi mnamlaumu muuza mafuta. Kitu kingine, acheni ule ujanja wa kuweka free kwenye mteremko. Injini za sasa, ukiwa kwenye gia na mguu umeuondoa, hazinywi karibu kitu. Ukiweka free inabidi zinywe ili zisizimike, na wewe umebaki na breki peke yake. Nimewaona mabingwa wa free. Mmoja alikuwa akijisifu kwamba anashuka mlima bure, mpaka siku aliyoshuka bure akaingia kwenye banda la muuza maembe. Alilipa maembe, akalipa banda, na yule mama muuzaji akataka alipwe hata redio yake. Na lori la mafuta mkilikuta linashusha sheli, piteni, mtafute kwingine au mrudi baadaye. Uchafu wote wa chini ya tangi la sheli unakuwa umeamka.

Ujuzi huu sikuusoma. Nilifundishwa na Mzee Bakari wa Tongoni, dereva wa lori la mkonge, nilipokuwa utingo wake. Mzee huyu alikuwa anachukua kifuu cha nazi, anakijaza maji, anakiweka juu ya dashibodi, kisha ananiachia usukani. Maji yakimwagika, nashuka natembea kwa miguu, na yeye anashika lori na kulitambaza pembeni yangu.

"Mguu wako una njaa, Mhina," ananiambia dirishani. "Utembeze ushibe."

Niliijua barabara ya mashambani kwa miguu kabla sijaijua kwa lori. Mwaka wa pili maji hayakumwagika tena.

Yeye ndiye aliyenifundisha kupima. Simamisha gari pa tambarare, jaza mpaka shingoni, mafuta yaonekane kwenye koo la tenki. Andika namba ya kilomita iliyo kwenye mita. Fanya kazi zako. Rudi sheli ileile, pampu ileile, jaza tena mpaka shingoni. Lita zilizoingia ndizo ulizokula, na kilomita umeziona, basi gawanya. Mzee Bakari alikipenda kipimo hiki kwa sababu, kama alivyosema, hakimwonei mtu haya. Alikuwa anaandika kwa mkaa kwenye mlango wa lori, na lita zilizobaki alikuwa anazirudisha stoo ya kampuni. Karani wa stoo alimwona mwehu.

Sasa niseme lile ambalo madereva wastaafu wenzangu hawalisemi. Mimi sikuzirudisha. Mzee Bakari alipoacha kazi nikalishika lori lake. Kampuni ilikuwa inatoa lita arobaini kwa safari, na kwa mguu ule wa kifuu nilikuwa natumia thelathini na tatu. Zile saba nilizihesabu kuwa ni za mguu wangu. Nilizinyonya kwa mpira, nikaziuza. Chumba cha kwanza na cha pili cha nyumba hii ni dizeli.

Siku moja nimeinama, mpira uko mdomoni, dizeli imeshapanda, meneja akatokea nyuma ya lori.

"Mhina, habari za safari?"

Mdomo umejaa. Nikatikisa kichwa.

"Gari lina tatizo?"

Nikatikisa tena.

"Mbona husemi?"

Nikameza. "Nzuri, mzee," nikasema, machozi yananitiririka. Akanitazama kwa huruma, akaniambia kama nimefiwa nichukue siku mbili za mapumziko. Nilizichukua. Nilikuwa nacheua dizeli, na mke wangu alinikataza kusogelea jiko.

Mnacheka, na mimi nilicheka. Lakini ninayaeleza kwa sababu nyingine. Mtu aliyewahi kuiba mafuta, akiona mafuta yamepungua, hawezi tena kufikiri kitu kingine.

Nilipoacha kampuni nilinunua pikapu yangu ya dizeli. Nilibeba samaki wa Kigombe, nazi za Mwera, magunia ya mahindi, vitanda vya maharusi. Mgongo ulipoanza kunisumbua nikatafuta dereva, na Mzee Bakari akanipa mwanawe Rashidi, mtu mzima tayari, ana mke na watoto.

"Lishike gari la kaka yako kama ungelishika langu," alimwambia mbele yangu.

Rashidi alikuwa mkimya, na mguu wake ulikuwa mwepesi kuliko wangu. Mimi kuandika hivyo si jambo dogo. Kila jioni alijaza mpaka shingoni na kuniletea risiti na namba ya mita. Lita moja, kilomita kumi. Mwaka mzima hesabu haikutikisika.

Mvua zikaja, njia ya Mwera ikawa uji. Pikapu ilikuwa inalala tumbo matopeni. Nikapata matairi ya mtumba, makubwa, yaliyotoka kwenye gari la kubebea watalii, na nikamkamua muuzaji bei mpaka akaniuliza kama nina roho. Tukayafunga mimi na Rashidi. Pikapu ikasimama kama jogoo. Nilipita nayo stendi taratibu ili watu waone.

Hapa simameni, vijana. Tairi kubwa likizunguka mara moja linakwenda mbali kuliko tairi dogo. Na mita haioni barabara. Inahesabu mizunguko tu, kwa kipimo cha tairi ambalo gari lilitoka nalo kiwandani. Ukifunga makubwa kama yale, umekwenda kilomita kumi, mita inaandika tisa. Leo nalisema kwa pumzi moja. Wakati ule sikulijua, na sikuwa mtu wa kuuliza.

Wiki ileile hesabu ikaharibika. Mita inasema kilomita mia na nane, pampu inasema lita kumi na mbili. Kwa kipimo changu zilipaswa ziwe kumi na kitu, zisifike hata kumi na moja. Lita moja na ushei haipo. Kesho yake vilevile. Kesho kutwa vilevile. Ningekuwa na akili ningejiuliza kwa nini inapungua sawasawa kila siku. Badala yake huko kulingana ndiko kulikonithibitishia, maana mwizi anayejua kazi hachukui nyingi, anachukua kidogo na anachukua kila siku. Mimi ndivyo nilivyokuwa nafanya.

Sikumwambia kitu. Kila jioni nilikwenda naye sheli nikaisoma mita mwenyewe, na katika daftari nililonunua nikaandika, lita saba kwa wiki, wiki kumi na sita. Na sitawaficha, nilikuwa nafurahi jioni nikiandika. Nilijiona mjanja kuliko mwizi wangu.

Siku niliyochagua kumwambia, nilimwambia stendi, mbele ya madereva.

"Rashidi, tenki lina tundu?"

"Halina, kaka."

"Mpira wa mafuta unavuja?"

"Hauvuji. Kwani kuna nini?"

"Nauliza nani anakunywa lita saba zangu kila wiki. Wewe au mkeo?"

Madereva wakacheka. Mmoja akadakia, "Mkewe anakaangia maandazi." Wakacheka tena. Rashidi aliwaangalia, akaniangalia mimi.

"Kaka Mhina, sijachukua hata kijiko."

"Daftari linasema umechukua lita mia moja na kumi na mbili."

"Daftari umeandika wewe."

"Na kipimo amenifundisha baba yako."

Akanipa funguo kwa mikono miwili, kama mtu anavyompa mkubwa wake, akaondoka kwa miguu katikati ya magari.

Siku tatu baadaye Mzee Bakari alikuja kwangu. Nilidhani amekuja kumtetea mwanawe, nikaweka daftari tayari juu ya meza. Hakuligusa.

"Ulijaza mpaka shingoni?" aliniuliza.

"Mpaka shingoni, mzee."

"Sheli ileile?"

"Ileile, pampu ileile, pa tambarare."

"Mita uliisoma mwenyewe?"

"Mwenyewe, kila siku."

Nilimwona akitafuta swali jingine la kuuliza, na hakulipata.

"Basi ni mwizi," alisema. "Amekana mpaka ameapa, lakini kipimo nakijua."

Akafungua leso. Dizeli siku hiyo ilikuwa elfu tatu mia moja na hamsini kwa lita. Lita mia moja na kumi na mbili zilifanya shilingi laki tatu hamsini na mbili elfu na mia nane, na alizileta zote. Alikuwa ameweka rehani minazi yake. Mnajua huku kwetu ilivyo, mwenye fedha anachuma nazi zako mpaka utakaporudisha deni. Nilizipokea. Nilizihesabu mbele yake.

Mke wangu alisikia yote akiwa mlangoni. Mzee alipoondoka aliniuliza, "Umechukua minazi ya Mzee Bakari?"

"Nimechukua mafuta yangu."

Mchuzi wa siku hiyo ulikuwa na chumvi ya kutosha mtaa mzima, na niliumaliza wote.

Nikaajiri dereva mwingine. Lita moja na ushei kila siku. Nikamfukuza baada ya wiki tatu. Nikaajiri wa pili, mlokole, mtu anayeomba kabla ya kuwasha gari. Lita moja na ushei. Huyo nilimwambia kwamba hata maombi yake yananuka dizeli, na nikamfukuza. Nilianza kuwatangazia watu kwamba Tanga nzima hakuna mtu mwaminifu ila mimi. Ulikuwa umepita mwaka tangu Rashidi aondoke.

Basi nikashika usukani mwenyewe, mgongo na maumivu yake. Nilijaza mpaka shingoni asubuhi, nikaenda Pangani, nikarudi, nikazunguka na mizigo mjini. Sikushuka hata kula. Nilikula ndizi nikiendesha, na chakula nilichobeba nilikirudisha nyumbani. Jioni nikarudi pampu ileile. Lita moja na ushei haipo.

Nilikaa ndani ya pikapu pale sheli mpaka yule binti wa pampu akagonga kioo na kuniuliza kama naumwa. Mwizi alikuwa peke yake ndani ya gari, na alikuwa mimi.

Asubuhi nilitoka na pikapu barabara kuu ya kwenda Segera, ambako kila kilomita ina nguzo yake. Nikahesabu nguzo kumi. Mita ilisoma tisa. Nikahesabu kumi nyingine, ikasoma tisa nyingine. Nikashuka, nikayatazama yale matairi. Hakuna fundi aliyenieleza, niligundua kwa kichwa changu, na mpaka leo sijakutana na dereva wa stendi ile aliyekuwa analijua. Ningefurahi zaidi kama angekuwapo mmoja, akaniambia mapema.

Nilikwenda Tongoni na fedha za mzee kwenye bahasha, zilezile laki tatu hamsini na mbili elfu na mia nane. Nilimkuta amekaa mlangoni, mguu mmoja umevimba ameunyoosha juu ya kigoda. Juu ya mnazi wake kulikuwa na mkwezi wa mtu mwingine, anaangusha nazi, na mzee amemgeuzia mgongo.

Nilimweleza. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Tairi," alisema.

"Tairi, mzee."

"Mimi lori langu halikubadilishwa tairi ila kwa saizi yake." Alikuwa anajisemea mwenyewe. Kisha akasema, "Rashidi hajakanyaga hapa mwaka sasa. Nilimwambia asije mpaka akiri. Hakuwa na cha kukiri, basi hakuja. Yuko Mombo, anaendesha lori la mboga la watu."

Nikamnyooshea bahasha. Akaisukuma.

"Umpe yeye. Nipeleke."

Nilimwingiza kwenye pikapu kwa shida, na tulipofika barabara kuu alitaka kuhesabu nguzo mwenyewe. Alihesabu kwa sauti, kidole nje ya dirisha. Kwenye ya kumi akauliza, "Mita?"

"Tisa."

"Endelea."

Ya ishirini. "Mita?"

"Kumi na nane."

Akavua kofia, akaiweka gotini. Hakuhesabu tena mpaka Mombo.

Rashidi tulimkuta anafunga turubai juu ya matenga ya kabichi. Alimwona baba yake kabla hajaniona mimi. Akashuka, akafuta mikono kwenye suruali.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Shikamoo, bosi."

Muda wote aliofanya kazi kwangu hakuwahi kuniita hivyo. Niliitikia. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, mzee akanitangulia.

"Rashidi, nimehesabu nguzo," alisema akiwa bado ndani ya pikapu, ameshika mlango. "Nguzo kumi, mita inasema tisa. Ni matairi. Hukuiba."

Rashidi alijibu kwa adabu.

"Mimi nilikwambia bila nguzo, baba."

Mpakiaji mmoja alikuwa ameacha kazi anatusikiliza. Nikasema yangu, nikayasema kwa sauti ili na huyo asikie, kwamba nilimsingizia, kwamba nitakwenda stendi kuwaambia walewale waliocheka. Na nilikwenda kweli, kesho yake. Walisikiliza, kisha wakaniuliza matairi nayauza shilingi ngapi. Pale Mombo, Rashidi alifuta mikono tena. Nikampa bahasha.

Alizihesabu. Alipomaliza aliniuliza, "Dizeli leo ni bei gani, bosi?"

"Elfu tatu mia nne na ishirini na tano."

"Ulinidai kwa lita."

"Kwa lita."

"Basi nirudishie kwa lita. Mia moja na kumi na mbili, kwa bei ya leo."

Nilipiga hesabu kichwani, nikatoa nyongeza mfukoni. Akazihesabu na hizo, akaziunganisha na zile za bahasha, akazifunga vizuri, akamwekea baba yake mkononi.

"Kakomboe minazi, baba."

"Utakuja lini nyumbani?"

"Lori linapakia, baba."

Akachukua gunia tupu, akalikunja mara nne, akaliweka chini ya ule mguu uliovimba. Akaufunga mlango wa pikapu taratibu, akarudi kwenye turubai lake.

Minazi ilikombolewa wiki ileile. Rashidi hajaja Tongoni mpaka leo ninapoandika, na mzee nikipita anaitikia salamu yangu kwa mkono. Pikapu niliiuza, mnunuzi nilimweleza habari ya matairi kabla hajalipa, akaona ni maneno ya kizee. Sikuajiri tena dereva, na mwenyewe mgongo hauniruhusu, kwa hiyo hapo ndipo kazi yangu ilipoishia. Mkibadilisha matairi, vijana, pelekeni gari kwenye nguzo kwanza, kabla hamjampima mtu.

Wengine wanadhani tukio lile lilinifilisi. Sivyo. Laki tatu hamsini na mbili elfu na mia nane zilikuwa za Mzee Bakari tangu mwanzo, mimi nilizirudisha tu. Kilichotoka mfukoni mwangu ni ile nyongeza ya bei, lita moja shilingi mia mbili na sabini na tano, mara mia moja na kumi na mbili, na siku ile isingejaza hata lita tisa: shilingi elfu thelathini na mia nane.